Pima Laga Kabla Mji Haujafika

Mwezi wa Februari, laga ya Kipsing, mto wa msimu kaskazini mwa Kenya, ni mchanga mtupu. Lori linaweza kupita katikati yake, na mgeni akadhani ni barabara pana iliyoachwa. Maji yapo, ila yamejificha chini. Wanawake huchimba mpaka mchanga ulowe, kisha husubiri kisima kijichuje polepole. Wakiondoka hukifunika kwa matawi ya miiba, mbuzi na punda wasije wakakivuruga. Ndovu nao huchimba vya kwao. Halafu siku moja ya Machi au Oktoba mawingu hujikusanya upande wa vilima vya Mukogodo, na saa chache baadaye, pengine Kipsing kwenyewe hakujadondoka hata tone, ukuta wa maji ya rangi ya chai ya maziwa huteremka na kila kilicholala mchangani: kinyesi cha mifugo, majani, mizoga, chupa za plastiki, majivu. Kesho yake laga ni mchanga tena, na maji yameelekea mto Ewaso Ng'iro.

Saa ile ya kwanza ya maji ndiyo inayoweza kutuambia kama mji fulani unapunguza uchafu wake au la. Nazungumzia mji nikiwa Kipsing kwa sababu mji unatarajiwa huku. Mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, pamoja na bandari, reli na bomba la mafuta ulikuwa na miji ya kitalii, na mmojawapo ulipangiwa eneo la Kipsing Gap, takriban kilomita 20 magharibi mwa Isiolo. Hadi sasa ni nyika. Lakini bandari ya Lamu ilipokea meli ya kwanza mwaka 2021, lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilishatandikwa, na Isiolo inapanuka kwa macho. Mji wa Kipsing Gap ukija leo, kesho au baada ya miaka 30, utakuja na vyoo, jikoni za hoteli, gereji, vichinjio na paa za mabati. Maji yake yote, yawe ya chooni au ya mvua, yatatafuta mteremko, na mteremko wa huku huishia Ewaso Ng'iro.

Miaka 10 baada ya mji huo kufunguliwa, ofisa atasimama mbele ya watu na kusema uchafuzi umepungua. Tutamjuaje kama anasema kweli?

Nairobi inatufunza jinsi swali hili lilivyo gumu. Jina lake limetoka kwenye Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na Msamburu wa Kipsing atayatambua maneno hayo bila mkalimani kwa kuwa naye maji huyaita nkare. Mji ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na hakuna aliyepima mto kabla ya mahema kusimikwa. Tangu hapo umesafishwa mara nyingi. Wengi wanamkumbuka marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, kwa jinsi alivyousimamia usafi wa mto ule, na bustani iliyo kando yake ina jina lake. Benki ya Maendeleo ya Afrika imefadhili kilomita nyingi za mabomba. Mwaka 2022 iliundwa tume maalumu ya mito ya Nairobi. Kila mara taarifa hutolewa ikiwa na tarakimu, na tarakimu hizo mara nyingi huwa za aina moja: urefu wa bomba lililolazwa, tani za taka zilizozolewa, idadi ya nyumba zilizounganishwa. Hizo ni hesabu za kazi iliyofanyika, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini mto haujui kilomita za bomba. Mto unajua gramu za uchafu zilizouingia siku hiyo.

Gramu hizo hupimika. Kipimo cha zamani, na kwangu bado ndicho chenye maana kubwa, ni kile wataalamu wanachokiita BOD. Maji hutiwa kwenye chupa iliyojaa pomoni, hupimwa oksijeni yake, huwekwa gizani siku 5 kwa nyuzijoto 20, kisha hupimwa tena. Oksijeni iliyopotea ni ile iliyoliwa na bakteria walipokuwa wakila uchafu. Ukiwa mwingi, bakteria humaliza oksijeni yote, samaki hukosa pumzi, na mto huanza kunuka. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira. Maji taka yaliyotoka moja kwa moja mjini huweza kuwa na miligramu 500 na zaidi.

Tuujaribu mji wetu wa Kipsing Gap kwa kalamu. Tuseme una watu 50,000, na kila mmoja kwa siku anatoa uchafu wenye BOD ya gramu 40, makadirio ya kawaida kwa nchi zetu. Hizo ni kilo 2,000 kila siku. Kila mtu akitumia lita 80 za maji, mji utatoa lita milioni 4 za maji taka. Jua la Isiolo ni tajiri, kwa hiyo mabwawa ya kusafishia yatafanya kazi vizuri: bwawa la kwanza refu kwenda chini lisilo na hewa, la pili la kijani kibichi kwa miani, ya mwisho mapana na ya kina kifupi ambamo mwanga wa jua huua vijidudu na mayai ya minyoo hutua chini. Nairobi ina mabwawa ya aina hiyo huko Ruai, miongoni mwa makubwa barani Afrika. Yakifanya kazi sawasawa, maji yatatoka na miligramu 30 kwa lita. Kilo 2,000 zimebaki 120. Mtambo umeondoa asilimia 94, na cheti cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kinastahili kutundikwa ukutani.

Sasa tuseme nusu ya mji haijaunganishwa na bomba, au imeunganishwa lakini bomba limepasuka, au limezibwa makusudi ili maji yafurike yamwagilie sukuma wiki, jambo ambalo limekuwa likitokea kwa miaka mingi kando ya mabomba yanayoelekea Ruai. Mabwawani zitafika kilo 1,000 na kutoka 60. Kilo 1,000 nyingine zitafika mtoni zilivyo. Jumla ni 1,060. Mtambo bado unatoa miligramu 30, bado umeondoa asilimia 94 ya kilichoufikia, na cheti bado kiko ukutani. Mji wenyewe umeondoa asilimia 47 tu. Anayepima mlangoni pa mtambo ataandika kwamba mambo ni shwari, na hatakuwa amesema uongo hata neno moja.

Huo si mfano wa kufikirika tu. Nchini Kenya, mtandao wa maji taka haujafikia hata sehemu moja kwa tano ya watu wanaohudumiwa na kampuni za maji. Wengi wetu tunaishi na vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka yanayonyonywa na malori, na lori likishaondoka si rahisi kujua limemwaga wapi. Mji ukijipima kwa mtambo wake pekee umejipima sehemu ndogo ya mwili, kama daktari anayekagua kidole cha mgonjwa mwenye homa.

Kilo 1,060 zinaufanya nini mto? Hapa Ewaso Ng'iro haina huruma. Juu yake kuna Nanyuki na Nyahururu, kuna mashamba ya maua na mboga chini ya Mlima Kenya, na kila mmoja anachota. Katika miaka ya ukame mkali, kama 1984 na 2000, mto ulikauka kabisa kabla ya kufika Archer's Post. Tuchukue mwezi wa kiangazi ambao mto bado una mita moja ya ujazo kila sekunde. Mji usiosafisha kitu ungeongeza miligramu 23 za BOD kwa kila lita ya mto, ilhali maji ya joto la huku hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 8 hivi. Mji unaosafisha nusu ungeongeza takriban 12. Mji uliounganishwa wote ungeongeza 1.4, ambazo mto waweza kuzimudu. Mto huohuo ukiwa umefurika baada ya masika, tofauti kati ya miji hiyo mitatu isingeonekana hata kwa vifaa bora, kwa maana kila kitu kingekuwa kimezimuliwa. Ndiyo maana sampuli isiyoandamana na kipimo cha mtiririko ni nusu ya habari. Unahitaji vyote viwili, kiasi cha uchafu katika lita na idadi ya lita zilizopita, uvizidishe ndipo upate mzigo wenyewe.

Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita 10 za mvua zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ya mabati, saruji na lami, zaidi ya lita milioni 9 zitatiririka, pengine kwa saa moja. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya maji taka ya mji wetu kwa siku nzima. Maji hayo hayapiti mtamboni. Hupita mitaroni na kuzoa vumbi la breki, mafuta ya gereji, kinyesi cha mbwa na cha watoto, na maji ya vyoo ambavyo mwenye nyumba alivielekeza mtaroni usiku. Wazee walisema mavi ya kale hayanuki. Maji ya kwanza ya msimu hayaukubali usemi huo: miezi minne ya uchafu uliokauka hulowa na kuondoka kwa pamoja, na nusu saa ya mwanzo huwa chafu mno kuliko saa zinazofuata.

Mchukua sampuli wa kawaida hufika saa nne asubuhi, siku ya kazi, barabara ikiwa kavu. Mafuriko ya laga hayana ratiba hiyo, mara nyingi huja jioni au usiku. Kwa hiyo mji unaweza kupimwa kila mwezi kwa miaka 10 na wakati wenye uchafu mwingi kuliko wote usipimwe hata mara moja. London, iliyoanza kujenga mabomba makubwa ya Joseph Bazalgette baada ya uvundo wa mwaka 1858, ilihangaika na tatizo hili mpaka juzi. Mabomba yale yalichanganya maji ya mvua na ya vyoo, yakawa yakifurika kila mvua kubwa inaponyesha, na handaki la kilomita 25 la kuyakusanya liliunganishwa kikamilifu mwaka 2025 tu. Mto Thames uliokuwa umetangazwa mfu mwaka 1957 ulikuwa umesharudiwa na samaki miaka mingi kabla ya handaki hilo. Siku kavu ilikuwa imepona, siku ya mvua bado.

Kuna mtego mwingine, wa miaka. Kaskazini mwa Kenya ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, kuanzia mwishoni mwa 2020, kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja. Mtu anayelinganisha maji ya 2022 na ya 2023 analinganisha ukame na mafuriko, hata akidhani analinganisha sera mbili. Mabadiliko ya mji huonekana tu ukiwa na laga nyingine ya kufananishia, inayopata mvua ileile lakini isiyo na mji, na ukiwa na vipimo vya kabla na vya baada vya laga zote mbili. Hiki cha "kabla" hakinunuliki baadaye kwa fedha yoyote. Nairobi haitakipata tena. Kipsing bado inacho.

Wala tusidhani kwamba hiyo "kabla" itakuwa sifuri. Laga ina bakteria wa E. coli leo, kwa sababu ng'ombe, mbuzi, ngamia na ndovu huipita kila siku. Mji ukija, mtu ataweza kusema bakteria hawa walikuwepo, ni wa mifugo, na atakuwa na hoja kama hakuna aliyewahesabu mapema. Mchanga wa visima nao una habari zake. Huchuja tope vizuri, lakini ukiwa wa chembe nene hupitisha vijidudu upesi, na naitreti za vyoo vya shimo hauzizuii hata kidogo. Kisima ambacho leo kina naitreti chache na chumvi ya kiwango fulani, viwango hivyo vikianza kupanda mwaka hadi mwaka, kinasema jambo kabla mtu hajaugua. Kifaa cha kupima chumvi zilizoyeyuka huenea kiganjani, na kijana wa chama cha watumiaji maji anaweza kufundishwa kukitumia kwa asubuhi moja. Wakazi wa kando ya mto huu si watu wa kufundishwa kujali. Kwa miaka kadhaa wametembea na ngamia siku nyingi kuutetea mtiririko wake, likiwemo suala la bwawa lililopangwa kujengwa Crocodile Jaws. Watu wa Merti na wa Lorian, ambako mto hupotelea, wanajua kwamba linalotupwa juu huwafikia wao. Wangekuwa na haki ya kuzitaka tarakimu hizo zibandikwe sokoni kwao, kwa lugha zao.

Na ile saa ya kwanza ya maji, inayokuja usiku mtu yuko manyattani? Kuna njia isiyohitaji umeme wala mlinzi. Nguzo ya chuma husimikwa imara kando ya laga, zikafungwa chupa safi kwa vimo mbalimbali, ya chini kabisa sentimita 20 juu ya mchanga, inayofuata 40, kisha 60. Kila chupa ina mrija wa kuingizia maji na mwingine wa kutolea hewa. Maji yakipanda hujaza ya chini, ikijaa hujifunga yenyewe kwa hewa iliyonaswa, na maji huendelea kwenye ya pili. Alama ya tope kwenye nguzo huonyesha yalifika kimo gani, na kimo kikiunganishwa na upana wa laga na kasi ya maji, mtiririko hukadirika. Alfajiri mtu huja na kasha lenye barafu, huzifungua chupa, huandika tarehe na namba ya nguzo, na kuzikimbiza maabara kabla ya saa 24 kwisha. Nguzo mbili zingetosha kuanzia, moja laga ya Kipsing na nyingine laga jirani isiyopangiwa mji, zikiwa zimesimikwa mchanga ukiwa bado mkavu, kabla mvua za Machi hazijaanza.