Kishazi Kielezi cha Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Mchango wa Viambishi -po- na -ki-

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili kosa moja linalosikika mara kwa mara madarasani, Temeke na Kinondoni na kwingineko nchini: "When he will arrive, he will call us." Aghalabu kosa hili huhesabiwa kuwa ni uzembe. Sisi tunadai kwamba hiyo ni sarufi ya Kiswahili iliyofuatwa kwa uaminifu mahali isipohusika. Suala hili si dogo. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, kisha aingiapo sekondari hudaiwa kueleza Jiografia na Biolojia kwa Kiingereza. Na maelezo ya sayansi hutegemea mno vishazi vya wakati na sharti.

2.0 Kielezi kama Dhima

Kielezi huonyesha tendo linatendeka lini, wapi, vipi au kwa sharti gani. Dhima hiyo yaweza kubebwa na neno moja, kirai au kishazi kizima. Katika Kiingereza kishazi kielezi cha wakati au sharti kwa kawaida hutangulizwa na kiunganishi kilicho nje ya kitenzi, mathalani "when" na "if". Katika Kiswahili kazi hiyo aghalabu hufanywa na kiambishi kilichomo ndani ya kitenzi:

(1) Atakapofika Mbagala, atatupigia simu.
(2) Akifika Mbagala, atatupigia simu.

3.0 Uchambuzi

Katika (1), -taka- hutaja wakati ujao waziwazi. Mwanafunzi anayeanzia hapo huiweka "will" katika kishazi tegemezi. Lakini Kiingereza husema "when he arrives", na wakati ujao huachiwa kishazi kikuu. Katika (2), -ki- haitaji wakati ujao. Huutegemea kishazi kikuu. Ndiyo maana twaweza pia kusema:

(3) Akifika Mbagala, hutupigia simu.

Kwa hiyo, katika jambo hili, Kiingereza kinakaribiana zaidi na (2) kuliko (1). Hata hivyo, -ki- hujumuisha wakati na sharti, ilhali Kiingereza huvitenga. Hapana budi mwanafunzi ajiulize: je, kufika huko kunachukuliwa kuwa ni hakika? Ikiwa ndivyo, atumie "when". Ikiwa sivyo, "if".

Tuangalie sasa sentensi hii:

(4) Sijui atafika lini.

Kiingereza chake ni "I do not know when he will arrive", na hapa "will" ni sahihi kabisa. Maneno ni yale yale, ila dhima imebadilika: kishazi hiki ni yambwa ya kitenzi "kujua", si kielezi. Kiswahili hutofautisha dhima hizo kwa maumbo, yaani -po- au -ki- kwa upande mmoja na "lini" kwa upande wa pili.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza mwalimu aanze na (2), kisha ailinganishe na (4). Panapofaa "lini" katika Kiswahili, "will" hubaki. Panapofaa -po- au -ki-, kwa kawaida huondoka. Kanuni hii haikamiliki, kwani "will" huweza kufuata "if" inapoonyesha utayari wa mtenda. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba Kiswahili cha mwanafunzi si kizuizi. Ndicho kipimo alicho nacho tayari, ambacho hajaonyeshwa namna ya kukitumia.