Malipo ya QR migahawani: Kulipa rahisi, gharama iko kwenye kutoa fedha

MWENYE mgahawa mjini Kasulu au Kibondo anayetaka kupokea malipo kwa msimbo wa QR hahitaji mashine wala umeme wa kuiendesha. Anachohitaji ni kibandiko cha karatasi chenye vimraba vyeusi na vyeupe, simu ya kupokelea ujumbe wa malipo, na akaunti ya mfanyabiashara iliyosajiliwa kwenye benki au kampuni ya simu.

Urahisi huo ndio unaofanya wengi waamini kwamba ukishabandika karatasi ukutani kazi imekwisha. Hata hivyo, kwa biashara ya chakula katika wilaya hizo za nyanda za juu za Kigoma, hesabu halisi huanza baada ya mteja kuondoka, pale mwenye mgahawa anapotakiwa kwenda sokoni kununua muhogo, maharage, mkaa na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa noti mkononi.

Msimbo wa QR ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ndani yake hamna fedha. Kinachohifadhiwa ni maandishi tu, na katika msimbo wa malipo unaofuata kanuni za kimataifa za EMVCo maandishi hayo ni pamoja na jina la biashara, mji ilipo, namba ya akaunti, aina ya biashara na sarafu inayotumika. Shilingi ya Tanzania huandikwa kwa namba 834. Imewekwa hata sehemu ya bahshishi, ingawa kwa mama lishe wa Kasulu jambo hilo bado ni la mbali.

Sifa moja ya msimbo huo inafaa sana jikoni. Umetengenezwa kwa namna ambayo sehemu yake ikichafuka au kuchanika, simu bado inaweza kuusoma. Katika kiwango cha juu kabisa cha kinga hiyo, takriban asilimia 30 ya alama inaweza kuharibika na taarifa zikapatikana. Mafuta ya chipsi na masizi, kwa hiyo, si adui mkubwa kama inavyodhaniwa.

Tatizo la zamani lilikuwa utitiri wa vibandiko. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine kufuata, kila mtandao ulikuwa na namba zake za malipo. Mgahawa mmoja ulilazimika kuwa na namba tatu au nne, na mteja ambaye mtandao wake haukuwapo ukutani alilipa taslimu au alituma fedha kwenye namba binafsi ya mhudumu.

Benki Kuu ya Tanzania ilikusudia kuondoa hali hiyo ilipoandaa kiwango cha kitaifa cha msimbo huo, kinachojulikana kwa jina la TANQR, mwaka 2022. Nyuma yake upo mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Kwa utaratibu huo kibandiko kimoja kinatosha: mteja wa Airtel Money anaweza kumlipa mfanyabiashara aliyesajiliwa M-Pesa, na wa benki akamlipa aliye Mixx by Yas, jina jipya la iliyokuwa Tigo Pesa hadi mwaka 2024.

Katika miji hii, kitu muhimu zaidi kwenye kibandiko pengine si picha hiyo. Ni namba iliyoandikwa chini yake. Mwenye simu janja atafungua programu na kupiga picha msimbo. Mwenye kitochi atabonyeza *150*00#, *150*01#, *150*60# au *150*88# kulingana na mtandao wake, kisha ataingiza namba hiyo ya malipo. Mgahawa unaobandika picha peke yake, bila namba inayosomeka vizuri, umejifungia wateja wake mlango.

Suala la gharama ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Chukulia mgahawa unaouza sahani 40 kwa siku, kila moja Sh2,500. Mauzo ni Sh100,000. Iwapo faida ni Sh400 kwa sahani baada ya kutoa gharama zote, mwenye mgahawa anabaki na Sh16,000. Sasa nusu ya wateja wamelipa kwa simu, na jioni anakwenda kwa wakala kutoa Sh50,000 ili kesho anunue mahitaji.

Ada ya kutoa fedha ikipimwa kwa mauzo ya siku inaonekana ndogo. Lakini hailipwi na mauzo, inalipwa na faida, yaani ile Sh16,000. Ada hizo zimepangwa kwa madaraja, na kiasi kidogo hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa uwiano. Anayetoa kila jioni huumia kuliko anayesubiri wiki iishe, lakini mwenye mtaji wa siku moja hana uwezo wa kusubiri.

Ndiyo maana watu wengi hawajasahau Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza tozo ya miamala ya simu iliyofikia Sh10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo na kupunguzwa tena baadaye, lakini kumbukumbu yake ilirudisha wengi kwenye noti.

Dawa ya gharama hiyo haipo mgahawani bali sokoni. Fedha iliyoingia kwa msimbo inakuwa na faida kamili pale inapotoka bila kupita kwa wakala: muuza mchele akilipwa kwa namba yake ya biashara, muuza nyama vivyo hivyo, na umeme wa LUKU ukinunuliwa kwa salio hilohilo. Kabla ya kubandika msimbo, mwenye mgahawa angefanya vyema kuwauliza kwanza wanaomuuzia bidhaa kama wanapokea malipo ya simu. Wakikataa wote, msimbo utamletea wateja huku ukimega faida.

Aidha, ipo hofu ya kodi. Kumbukumbu za malipo ya simu hazifutiki, na wapo wanaoona kuzikubali ni kujipeleka wenyewe Mamlaka ya Mapato. Kwa mfanyabiashara mdogo hofu hiyo mara nyingine ni kinyume cha hesabu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia tatu ya kiasi kinachozidi Sh4 milioni. Mama lishe mwenye mauzo ya Sh5 milioni kwa mwaka angelipa Sh30,000.

Hatari nyingine ni wizi, na hapa aliye mezani huwa hatarini kuliko mwenye mali. Ujumbe wa malipo huingia kwenye simu ya mwenye mgahawa, naye yuko sokoni. Mteja anamwonyesha mhudumu ujumbe kwenye simu yake mwenyewe na kuondoka. Ujumbe huo unaweza kuwa wa jana, au umeandikwa kwa mkono. Nchini India tatizo hilo lilipunguzwa kwa kipaza sauti kidogo kinachotangaza mezani kiasi kilicholipwa. Kwa Kasulu na Kibondo njia rahisi ni simu ya akaunti kubaki kaunta, bila namba ya siri kujulikana na wahudumu, na mhudumu kuamini ujumbe ulioingia hapo tu.

Kutumia namba binafsi badala ya namba ya biashara ni kosa jingine la kawaida. Aliyetuma kwenye namba binafsi anaweza kupiga simu huduma kwa wateja na kudai amekosea namba, na fedha zikazuiwa wakati chakula kimeshaliwa.

Kibandiko chenyewe nacho kinahitaji ulinzi, kwani mtu anaweza kubandika msimbo wake juu ya ule wa mgahawa. Ukaguzi wake ni mwepesi: kila asubuhi mhudumu anaelekeza simu kwenye msimbo na kuangalia jina linalotokea kabla ya kulipa. Likiwa si la mgahawa huo, karatasi inang'olewa kabla mteja wa kwanza wa chai na chapati hajakaa.