Motokaa Kuukuu: Ni Mali au Ni Mzigo?

Boito, katika nchi ya chai ya Bomet, motokaa kuukuu ina kazi nyingi. Hupeleka maziwa, huleta mbolea, na usiku humkimbiza mgonjwa hospitali. Lakini wakulima wanapopokea bonasi, yaani malipo ya chai ya mwisho wa mwaka, swali huingia nyumbani: Je, fedha hizi ziitengeneze motokaa, au iuzwe, nazo zilipe karo ya watoto?

Yafaa ijulikane kwamba jibu halimo katika umri wa motokaa, bali katika fremu yake, yaani chuma kirefu cha chini kinachobeba vyote. Injini ikichoka, fundi aweza kubadili ringi za pistoni, beringi na gasketi, nayo ikafanya kazi tena miaka mingi. Bali fremu iliyoliwa na kutu haina dawa rahisi, na gharama ya kuitengeneza yaweza kupita thamani ya motokaa yenyewe.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa. Katika milima ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na tope lililoganda chini ya motokaa hushika unyevu siku nyingi. Kwa hiyo mwenye busara huosha chini kwanza, ndipo aoshe juu. Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi aigonge fremu kwa nyundo ndogo. Ikilia kwa sauti kali, ni nzima; ikitoa sauti butu au kubonyea, usiitie bonasi yako humo.

Jambo la pili ni vipuri. Wazee wanaikumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ilikuwa imara, na ufundi wake haukuwa wa kutatanisha. Lakini haitengenezwi tena, na hata motokaa imara husimama ikikosa kipuri kimoja. Uliza madukani kwanza.

Tena, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyotumika zaidi ya miaka 8. Basi kupata nyingine badala ya ile kuukuu si jambo la fedha kidogo, na iliyo nzima yastahili kutunzwa.

Ukiamua kuitunza, anza na breki, usukani na mipira. Rangi mpya haisimamishi motokaa mteremkoni. Kisha andika kila shilingi unayoitumia, na mwisho wa mwaka uilinganishe na nauli ambayo ungelipa kwa kukodi. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama una mali au una mzigo. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.