Saa tatu za kusubiri saruji zaweza kula mtaji wa jengo

TINDE ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo, tawi moja likienda Shinyanga na Mwanza, jingine likielekea Isaka na Kahama. Kwa mfanyabiashara mwenye kiwanja kando ya barabara hizo, kujenga fremu za maduka au nyumba ya wageni ni njia ya kuweka akiba isiyoliwa na mfumuko wa bei.

Mjenzi wa namna hiyo hupiga hesabu ya saruji, nondo, kokoto, mbao na ujira wa mafundi. Jambo moja husahaulika mara nyingi, nalo ni muda unaopita kati ya zege lililokwisha kumwagwa na lile linalofuata. Muda huo ukizidi, jengo hubaki na kasoro ambayo lipu huificha na mvua huifichua.

Chanzo chake ni tabia ya saruji yenyewe. Ikishakutana na maji huanza kushika, hata kama haijakauka. Katika hali ya hewa ya wastani, zege la kawaida huanza kushika baada ya saa mbili hadi nne. Kwenye jua la Shinyanga la mwezi Septemba au Oktoba, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30, muda huo hupungua sana. Zege jipya likimwagwa juu ya zege ambalo bado ni bichi, mtetemo wa mashine huyachanganya na kuwa kitu kimoja. Likimwagwa juu ya lililokwisha kushika, hugusana tu bila kushikana. Mstari unaobaki ndio wahandisi wanaouita kiungo baridi.

Madhara yake hutegemea mahali kiungo kilipo. Katika nguzo inayobeba uzito wa kwenda chini, kiungo cha ulalo hakipunguzi sana uwezo wa kubeba, kwa sababu mzigo wenyewe unavibana vipande viwili. Katika jamvi au boriti mambo hubadilika. Huko zege huvutwa na kukatwa, na kiungo kilichoshikana vibaya hupasuka mapema. Kiungo kilicho karibu na nguzo, ambako nguvu ya kukata ni kubwa, ni cha hatari zaidi kuliko kilicho katikati ya boriti.

Hasara ya pili huja polepole. Maji na hewa hupenya kwenye mstari huo na kuifikia nondo. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege linaloifunika. Kwa tangi la maji au karo, kiungo cha namna hiyo ni uvujaji tangu siku ya kwanza.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Jamvi la mita 8 kwa 12, lenye unene wa sentimita 15, linahitaji zege la mita za ujazo 14.4. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, hiyo ni mifuko ya saruji ipatayo 92. Mashine ya mfuko mmoja ikitumia dakika tano kwa kila mchanganyiko, kazi yote itachukua takriban saa saba na dakika 40.

Mafundi wakimwaga kwa vipande vya upana wa mita moja vinavyofuata upande mfupi, kila kipande kitachukua kama dakika 40, na kipande kinachofuata kitakikuta cha kwanza kikiwa bado kibichi. Wakifuata upande mrefu, kila kipande kitachukua karibu saa moja. Lakini mashine ikiharibika au saruji ikiisha kwenye mfuko wa 50, na lori likasubiriwa saa tatu, kiungo baridi hakikwepeki.

Miradi mikubwa haiachi jambo hili kwa bahati. Ukuta mkuu wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, wenye kimo cha mita 131, ulijengwa kwa zege linaloshindiliwa kwa rola. Zege la aina hiyo hutandazwa tabaka kwa tabaka, kwa kawaida zenye unene wa sentimita 30 hivi, na saa kati ya tabaka moja na nyingine huhesabiwa. Muda uliopangwa ukipita, uso husafishwa na kutandazwa mota kabla ya kazi kuendelea.

Mjenzi mdogo anaweza kufuata kanuni hiyo hiyo bila gharama kubwa. Saruji yote, maji na mafuta ya mashine viwepo kiwanjani kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa. Kazi ianze alfajiri. Mashine ya akiba ijulikane itakodiwa wapi. Zege lililoanza kushika lisiongezwe maji ili lilainike, kwani maji hayo hupunguza nguvu.

Kazi ikikatika bila kutarajiwa, isimamishwe kwa mbao iliyosimama wima, katika theluthi ya kati ya boriti au jamvi, na nondo zipite bila kukatwa. Kabla ya kuendelea, utando mweupe wa juu uchokonolewe mpaka kokoto zionekane, uso uoshwe na kuloweshwa, kisha zege jipya lishindiliwe vizuri. Baadaye jamvi lote limwagiwe maji kwa siku zisizopungua saba. Kiungo kilichoandaliwa hivyo si kasoro. Kasoro ni kile kilichofunikwa kimyakimya.

Kwa anayenunua jengo lililokwisha kujengwa, ushauri ni kulikagua kabla ya kupakwa rangi mpya, hasa baada ya mvua. Mstari mrefu ulionyooka chini ya jamvi, wenye unyevu au madoa ya kutu, ni sababu ya kumwita mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kulipa. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa jamvi la mifuko 92.