Wakati wa Cheche katika Trekta la Kale la Magneto

Trekta la kale likikataa kuwaka, watu wengi huilaumu magneto upesi, wakaitoa mahali pake na kuifungua, na mwisho wakawa na taabu mbili badala ya moja. Mara nyingi magneto yenyewe ni nzima. Kilichopotea ni wakati wake wa kutoa cheche. Tena jambo hili si hasara ya fedha tu. Cheche ikitoka mapema huku mtu anazungusha hendeli, mtambo hurudi nyuma kwa ghafla, na hendeli yaweza kumvunja kifundo cha mkono. Kwa hiyo yafaa kila mwenye trekta la namna hii ajue kuuchunguza wakati wa cheche kwa utaratibu.

MAGNETO NA KAZI YAKE

Magneto haihitaji betri. Ndani yake mna sumaku na koili, na mtambo ukizunguka, umeme huzaliwa katika koili. Hapo pointi zikifunguka, umeme huo hukatika ghafla, na nguvu ya volti elfu nyingi huruka katika plagi. Magneto ya aina hii, yenye nguvu nyingi, ilibuniwa na Gottlob Honold katika karakana ya Robert Bosch, mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1902.

Tuchukue kwa mfano trekta la Farmall H, lililotengenezwa Marekani na kampuni ya International Harvester tangu mwaka 1939. Lina silinda nne, na mengi ya matrekta hayo yalifungwa magneto iitwayo H-4.

Mtambo ukienda mbio, cheche hupaswa kutoka kabla pistoni haijafika kileleni, maana petroli huhitaji nafasi ya kuwaka. Lakini mtu akizungusha hendeli polepole, cheche ya mapema ndiyo imrudishayo nyuma. Kwa sababu hiyo, magneto ina kiungo chenye springi, ambacho mafundi hukiita impalsi. Kiungo hiki huizuia magneto kidogo, kisha huiachia kwa nguvu kwa mlio wa “kak!” Kazi yake ni mbili: kuichelewesha cheche na kuitia nguvu. Mtambo ukishika kasi, vijino vyake hujitenga vyenyewe, na cheche hurudi kutoka mapema.

KABLA YA KUGUSA HENDELI

Weka gia huru, kaza breki, na funga bomba la petroli. Toa plagi zote nne, uzifunge kila moja katika waya wake, na uzilaze juu ya chuma kitupu cha mtambo, mbali na matundu yao, ili cheche isiwashe mvuke wa petroli.

Kumbuka pia kwamba swichi ya magneto haifanani na swichi ya taa. Ya taa huzima kwa kukata umeme. Ya magneto huzima kwa kuupeleka umeme katika mwili wa mashine. Basi waya wake ukikatika, mtambo waweza kuwaka ingawa swichi imezimwa. Na waya huo ukichunika na kugusa chuma, hakuna cheche kabisa.

JE, CHECHE IPO?

Washa swichi, uzungushe hendeli, na utazame plagi. Pasipoonekana cheche, ondoa waya wa swichi kwenye magneto, kisha ujaribu tena. Cheche ikija sasa, magneto haina kosa. Tengeneza waya au swichi. Isipokuja, fungua kifuniko utazame pointi. Zifute mafuta na kutu, na upime nafasi yao zinapokuwa wazi kabisa. Katika H-4 nafasi hiyo ni inchi 0.013, yaani kama milimita 0.33.

Pointi zitangulie, wakati wa cheche ufuate. Nafasi ya pointi ikiongezwa, hufunguka mapema zaidi, na cheche nayo hutoka mapema. Mtu akiweka wakati kwanza, kisha akagusa pointi, kazi yake ya kwanza imepotea.

KUWEKA WAKATI

Rudisha waya wa swichi na uizime. Weka kidole gumba juu ya tundu la silinda ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, na mwenzako azungushe hendeli polepole. Pumzi ikikisukuma kidole, pistoni inapanda kwa kugandamiza. Aendelee mpaka alama ya kilele ielekeane na kielekezi chake. Katika Farmall H, hapo hapo ndipo impalsi ilie “kak!”

Mlio ukitangulia alama, cheche ni ya mapema, na hatari ya kurudishwa ipo. Ukichelewa, trekta litawaka kwa shida, litakosa nguvu, na ekzosi itapata moto mno. Legeza bolti zinazoishika magneto, uizungushe kidogo: ukiipeleka upande inakozungukia, cheche itachelewa, ukiipeleka kinyume, itawahi. Kaza bolti, kisha uzungushe hendeli mizunguko miwili kamili na usikilize tena. Usirudishe hendeli nyuma kusahihisha, kwa maana ulegevu wa gia utakudanganya.

Pasiposikika mlio wowote, vijino vya impalsi vimeganda. Vioshe kwa mafuta ya taa, kisha utie tone moja au mawili ya mafuta mepesi, wala si grisi. Usijaribu kuwasha trekta kwa hendeli kabla ya kuvitengeneza.

Ikiwa magneto ilikuwa imetolewa, hakikisha kwamba rota yake inaelekea waya wa silinda ya kwanza wakati pistoni hiyo iko kileleni baada ya kugandamiza. Pistoni hufika kileleni mara mbili, na mara ya pili hutoa moshi tu. Ukikosea hapo, trekta halitawaka. Waya za Farmall H hufuatana 1, 3, 4, 2. Mbili zikibadilishana, mtambo hutetemeka na kupiga kishindo katika kabureta.

Matrekta mengine yana alama na vipimo vyao, basi fuata kitabu cha trekta lako. Lakini kwa trekta lolote, unapoliwasha, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, uvute hendeli kutoka chini kwenda juu, wala usiikandamize kwenda chini. Hendeli ikirudi, itakuponyoka mkononi bila kukuvunja.