Mteja Ni Yule Aliye Seli

Anayefika kwanza katika ofisi ya wakili wa kesi za jinai si mshtakiwa, kwa kuwa mshtakiwa amefungiwa. Wanaofika ni mama yake, mjomba wake, na pengine mzee wa kijiji aliyewasindikiza. Wametoka Misikhu, katika kaunti ya Bungoma magharibi mwa Kenya, kwa matatu ya alfajiri, na mama ameshika mkoba wenye pesa za mahindi yaliyouzwa kabla hayajakauka vizuri. Wamekuja na maelezo kamili: kijana alikuwa nyumbani usiku huo, alikula, akalala, na jirani anamsingizia kwa sababu ya mpaka wa shamba. Wanayatoa kwa zamu, mmoja akimkatiza mwingine. Wakili mchanga huyaandika yote na kuanza kujenga utetezi juu yake. Wakili aliyekomaa husikiliza kwa adabu, huandika majina ya mashahidi, kisha husema: "Mama, nimekusikia. Sasa niruhusu nikamsikie mwenyewe."

Katika vijiji vyetu ukoo ndio unaolipa wakili, lakini mteja ni yule aliye seli, na maslahi yao hayalingani kila mara. Ukoo unaweza kutaka kesi iishe upesi ili aibu ipungue. Unaweza kutaka mdogo abebe mzigo wa kaka mwenye watoto. Ndugu wawili wakishtakiwa pamoja kwa pigo la panga lile lile, mama atamsihi wakili mmoja awatetee wote, maana pesa ni hizo hizo. Wakili mwaminifu atakataa, hata kama ofisi haijalipiwa kodi, kwa sababu siku mmoja wao atakaposema "mimi nilikuwa mlangoni tu, aliyekata ni ndugu yangu," wakili huyo atakuwa amekwama katikati, na hakuna hata mmoja atakayepata utetezi wa kweli. Kumweleza mama jambo hilo uso kwa uso ni kazi ngumu kuliko hotuba yoyote mbele ya jaji.

Misikhu iko kwenye barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, na mahali hapo penyewe hupanga mengi katika kesi. Kosa likitendeka sokoni Misikhu, faili ni la kaunti ya Bungoma. Likitendeka mbele zaidi, upande wa Kiminini, uko Trans Nzoia na safari yako ni ya Kitale. Shtaka la mauaji huenda Mahakama Kuu. Wizi wa mabavu, ingawa sheria inauwekea adhabu ya kifo, huanzia kwa hakimu. Ndiyo maana wakili mzoefu, kabla ya kuuliza nani alimpiga nani, huisoma karatasi ya mashtaka neno kwa neno: kifungu gani, tarehe ipi, mahali wapi, mbele ya mahakama gani.

Anayedhani hayo ni mambo ya makarani tu na akumbuke Kapenguria, mji mdogo ulioko mbele ya Kitale. Huko ndiko Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walikoshtakiwa mwishoni mwa 1952 kwa kuongoza Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilipachagua kwa kuwa palikuwa mbali na Nairobi na mbali na macho ya watu. Mawakili walilazimika kukaa Kitale na kusafiri kwenda na kurudi, na Kitale ya wakati huo ilikuwa mji wa walowezi wenye ubaguzi wa rangi hata mahali pa kulala na kula. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza aliyekuwa na jina kubwa katika kesi za kisiasa, na pamoja naye walikuwamo Achhroo Kapila na Fitz de Souza wa Kenya, H. O. Davies wa Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika. Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu Aprili 1953, miaka saba kila mmoja, kifungo na kazi ngumu.

Baada ya hukumu, watetezi walirudi kwenye swali ambalo wengi wangelipuuza: je, hakimu huyu alikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi mahali hapa? Thacker aliteuliwa kwa ajili ya Jimbo la Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa Bonde la Ufa. Mahakama ya juu ya koloni ilikubaliana nao mwaka huo huo wa 1953, kisha Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaigeuza hukumu hiyo. Katika rufaa, Oneko alifutiwa hatia mapema 1954, lakini serikali ikaendelea kumweka kizuizini. Shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba alisema uongo mahakamani, naye akafungwa kwa ajili ya kiapo hicho. Utasema watetezi walishindwa. Mimi nasema waliacha kumbukumbu. Mashahidi walihojiwa, pingamizi ziliandikwa, na ndiyo maana leo tunaweza kuonyesha kwa kidole mahali haki ilipopotoshwa.

Mlinganishe Kenyatta na Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye nyumbani kwake si mbali na Misikhu. Mwaka 1945 wakoloni walimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu 11. Masinde akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, akakaa huko zaidi ya miaka 10. Amri ya kumhamisha mtu haikumtaka shahidi yeyote asimame ahojiwe. Hakuna ukurasa tunaoweza kuufungua tukasoma mpelelezi alibanwa vipi, alijikanyaga wapi. Watu wa Bungoma hawahitaji kufundishwa tofauti ya kesi yenye mtetezi na amri isiyo na kesi. Wazee wao waliishi hali hiyo.

Basi, turudi kwa kijana wetu: wakili anafika kituo cha polisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au siku ambayo mahakama haikai. Mkutano wa kwanza hauzidi dakika chache, tena wote wamesimama, harufu ya ndoo ikitoka ndani. Wakili ana mambo matatu ya kusema na anayasema polepole. Usizungumze na mtu yeyote kuhusu kesi, hata mwenzako wa seli. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Na utakayoniambia mimi sitayatoa, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 134, inanifunga mdomo. Labda uniambie unapanga kosa jipya.

Kisha haulizi kama alitenda. Swali hilo likija mapema humfundisha mtu kudanganya, na akishadanganya mara moja hulinda uongo wake miezi mingi. Huuliza: polisi wanasemaje? Nani alikukamata, ukiwa umeshika nini, umevaa nini? Ulimwona nani siku hiyo tangu asubuhi? Huangalia mikono na mgongo. Ikiwa kuna majeraha, fomu ya polisi ya P3, ya kurekodi majeraha, itafutwe siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe haungoji tarehe ya kesi. Akiona kijana anababaika kwa Kiswahili, humwacha aongee Lubukusu, na kama wakili haijui lugha hiyo humtafuta mkalimani asiye wa ukoo. Kijana hawezi kumwambia mjomba wake kwamba usiku ule alikuwa kwenye chang'aa, au kwa mke wa mtu.

Hatari kubwa ya siku ya kwanza mahakamani ni kujibu mashtaka. Karani anasoma, mshtakiwa anayetetemeka anasema, "Ni kweli nilimpiga, lakini alikuja kwangu usiku na panga." Jibu hilo lina utetezi ndani yake. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, utaratibu uko wazi: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe iwezekanavyo, ukweli wa kesi usomwe, apewe nafasi ya kuukubali au kuupinga, na akiongeza jambo linaloleta shaka, iandikwe kwamba amekana. Asiye na wakili hujikuta amehukumiwa kabla ya chakula cha mchana. Watu wengi wa kawaida bado husimama hivyo peke yao. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaitaka serikali kumpa wakili mshtakiwa ambaye bila hivyo angedhulumiwa sana, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa 2016, lakini katika kesi nyingi za mahakimu benchi la mtetezi ni tupu, na jambo hilo linaniuma.

Sasa nikupeleke ndani ya kesi yenyewe, palipo na ufundi. Chukua uvamizi wa usiku katika boma lisilo na umeme. Shahidi anasema, "Nilimtambua vizuri." Wakili hapandishi sauti. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi mmoja akidai kumtambua mtu gizani, lazima ijulikane mwanga ulikuwa wa aina gani, ukubwa gani, na ulikaa wapi kumkabili mshukiwa. Kwa hiyo: Taa ilikuwa ipi? Koroboi. Ilikuwa wapi? Juu ya meza. Mlango uko upande gani wa meza? Nyuma yake. Waliingia na tochi? Ndiyo. Walimulika wapi? Machoni kwangu. Ulilazwa chini? Ndiyo, kifudifudi. Nani alikuja kwanza ulipopiga kamsa? Jirani. Ulimtajia jina la uliyemtambua? Kimya. Kituoni, katika kitabu cha matukio, asubuhi ile, ulilitaja?

Hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa. Mtu anayemjua aliyemvamia humtaja kwa mtu wa kwanza anayefika. Jina likiingia faili siku ya nne, baada ya mkutano wa kijiji, kila jaji atauliza limetoka wapi. Wakili hakumwita shahidi mwongo, na mara nyingi shahidi huyo si mwongo. Ni mtu aliyeogopa sana, kisha akajaziwa na wengine. Kumdhalilisha mjane aliyevunjiwa mlango ni kazi mbovu, na majaji huichukia.

Je, mteja akikiri kwa wakili kwamba alitenda? Wakili hawezi kumsimamisha kizimbani aape uongo, wala kuita mashahidi wa kuuthibitisha uongo huo. Bado anaweza kuupima ushahidi wa upande wa mashtaka, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha ni wao, na anaweza kuzungumza na kiongozi wa mashtaka kuhusu shtaka dogo zaidi. Anaweza pia kupigania adhabu. Sheria ilimwekea aliyepatikana na hatia ya mauaji adhabu ya lazima, kifo. Katika uamuzi wa Muruatetu wa Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema ulazima huo unavunja Katiba, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji peke yake. Tangu hapo, maisha ya mteja ni ushahidi: umri wake, ulevi aliourithi, watoto wake, ugomvi uliodumu miaka. Wakili asiyemjua mteja wake hana la kumwambia jaji saa hiyo isipokuwa "naomba huruma."

Na hukumu ikitoka vibaya, ukoo hulia nje ya mahakama na kutawanyika, pesa zimeisha. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 14. Wakili anayeijua kazi yake huenda gereza la Bungoma au la Kitale kabla siku hizo hazijaisha, akiwa na nakala ya hukumu, akamsomea mteja sababu ambazo hakuzisikia kizimbani, na kumuuliza yeye, si mjomba, kama anataka kukata rufaa.