Umbo la Mwili katika Uteuzi wa Ng'ombe wa Mpwapwa: Msingi wa Kijenetiki

Ng'ombe wa Mpwapwa, koo iliyotambuliwa rasmi mwaka 1958, walizalishwa Dodoma kwa kuchanganya damu ya Red Sindhi, Sahiwal, zebu wa Tanganyika, Boran, Ankole na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya, kwa lengo la kupata maziwa na nyama kwa pamoja. Makala haya yanafafanua kwa nini fahali wa koo hii asiteuliwe kwa macho pekee. Umbo linaloonekana ni zao la jeni na la malisho. Kinachopita kwa ndama ni jeni tu. Kimo hurithika kwa kiasi kikubwa, ilhali ubora wa miguu na kwato hurithika kidogo, hivyo huboreka polepole. Aidha, jeni zinazoongeza maziwa huelekea kushusha kiwele na kupunguza misuli. Kwa mfugaji wa Mbegani, ambaye mifugo yake huchungwa vichakani, kiwele kinachoning'inia hujeruhiwa upesi. Kwa hiyo, maziwa, uzito, kiwele na miguu havina budi kupimwa katika faharasa moja ya uteuzi. Kwa kuwa ng'ombe halisi wa koo hii wamebaki wachache, fahali mmoja aliyeteuliwa vibaya huacha dosari katika vizazi vingi.